Jamii, Jumuiya na Programu Huria: Istilahi za Takwimu za Ikolojia

Mfasiri anayekutana kwa mara ya kwanza na andiko la kitaalamu kuhusu uchambuzi wa makundi ya mimea au wadudu huandika, bila kusita, "takwimu za jamii". Sarufi haina kosa, na kila neno limo kamusini. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili atakayeyaona maneno hayo katika ikisiri ya tasnifu atafikiria sensa, kaya, kipato na idadi ya watoto wanaokwenda shule. Atafika aya ya tatu ndipo agundue kwamba "jamii" inayozungumziwa ni ya miti, nyasi na mchwa, na pengine atarudi mwanzo kusoma upya akiwa na mashaka juu ya tafsiri nzima.

Neno hilo lina mtego wa pili, nao ni mgumu zaidi kuuona. Katika lugha ya kilimo na elimu ya viumbe, "jamii" hutumika kwa maana ya ukoo: husemwa "mazao jamii ya mikunde", "wanyama jamii ya paka". Hapa wanaokusanywa ni viumbe wanaofanana kwa nasaba, hata kama mmoja anaota Morogoro na mwingine Brazili. Mwanaikolojia anataka kinyume chake. Kwake yeye, kinachounda kundi ni mahali na wakati: mninga, nyasi zilizo chini yake, uyoga ulio kwenye mizizi yake na mdudu anayekula majani yake ni wa kundi moja ijapokuwa hawana nasaba ya karibu. Kwa hiyo "jamii ya mimea" inaweza kusomwa kwa namna mbili zinazopingana, na mwandishi hapati msaada wowote kutoka kwa muktadha, kwa kuwa maana zote mbili hukaa katika ukurasa uleule wa baiolojia.

Baadhi ya waandishi hukimbilia "jumuiya". Neno hili huondoa utata wa nasaba, lakini lina rangi yake. Jumuiya ina wanachama, ina makubaliano, ina kitu kinachowafunga walio ndani. Jambo la kuvutia ni kwamba wanaikolojia wenyewe walibishana juu ya hilo hilo. Frederic Clements, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alieleza mwaka 1916 kwamba uoto wa mahali fulani huzaliwa, hukua na kukomaa kama kiumbe kimoja. Henry Gleason akampinga, hasa katika makala yake ya mwaka 1926, akidai kwamba kila spishi hufuata mahitaji yake yenyewe, na kwamba kukutana kwao mahali pamoja hakuna mkataba wowote. Clements angelifurahia neno "jumuiya". Gleason angelichagua "mkusanyiko". Mfasiri anaweza kutumia "jumuiya ya viumbe" kwa jina la taaluma na dhana kwa ujumla, na "mkusanyiko wa spishi" pale mwandishi wa asili anapozungumzia tu kilichohesabiwa katika eneo fulani bila kudai kwamba vilivyomo vinategemeana. "Jamii" ibaki kwa watu na kwa nasaba.

Programu ya kompyuta haina upande katika ubishi huo, kwani inachokiona ni jedwali tu. Kila safu mlalo ni kiwanja cha sampuli, kila safu wima ni spishi, na katika kila kisanduku mna idadi ya waliohesabiwa, au sifuri. Sifuri ndizo zinazotawala, kwa sababu spishi nyingi ni adimu na hazionekani katika viwanja vingi. Ni wingi huo wa sifuri uliowafanya wanaikolojia wahitaji mbinu zao wenyewe, tofauti na zile za mtaalamu wa uchumi au wa elimu.

Katika jedwali hilo lugha huingia kwa njia isiyotarajiwa. Watafiti wengi wa Afrika Mashariki hujaza fomu za uwandani kwa majina ya wenyeji, kwani mtu anayeijua miti ni mzee wa kijiji, wala si kitabu. Mpingo hauleti shida. Ni Dalbergia melanoxylon. Mvule ni Milicia excelsa. Lakini "mgunga" ni jina linalobeba spishi nyingi za miti ya miiba ya kundi la akasia, na fomu iliyoandika "mgunga" tu imezifunga spishi hizo zote katika safu wima moja. Anuwai ya eneo hilo itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na hakuna programu itakayoligundua kosa hilo. Kuna pia upande wa pili. Programu ya R hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo "Mninga" na "mninga" kwake ni majina mawili. Jedwali likitengenezwa moja kwa moja kutoka katika orodha iliyochapwa kwa haraka, mti mmoja utageuka kuwa spishi mbili, na "mninga" yenye nafasi iliyoachwa mwishoni inaweza kuongeza ya tatu. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi uthabiti wa tahajia anaweza kuutumia mfano huu bila kutia chumvi: hapa tahajia hubadili matokeo ya sayansi.

Programu zinazotumika katika kazi hii kwa kawaida huelezwa kuwa "za bure", na hapo ndipo inapohitajika subira kubwa zaidi. "Bure" ina maana ya kutolipiwa, lakini haijawahi kuwa na maana hiyo peke yake. Mtu hujisumbua bure, hulaumiwa bure, hufanya kazi bure. Kitu cha bure kinaweza kuwa zawadi na kinaweza kuwa upuuzi, na msomaji ndiye anayeachiwa kuamua. Katika andiko la utafiti, sentensi inayosema kwamba "data zilichambuliwa kwa programu ya bure" inabeba kivuli ambacho mwandishi hakukikusudia. "Isiyolipiwa" au "inayopatikana bila malipo" ni salama zaidi.

Hata hivyo maneno hayo bado hayatoshi, kwa sababu bei siyo jambo kuu. "Programu huria" ina maana tofauti: ni programu ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuitumia kwa lengo lolote, kuusoma msimbo wake chanzo, kuubadili na kuwagawia wengine. "Huria", neno lenye asili ya Kiarabu na ambalo tayari tunalo katika "soko huria" na "chuo kikuu huria", linabeba dhana ya uhuru bila kugusa fedha. Programu inaweza kuwa isiyolipiwa bila kuwa huria, na tofauti hiyo inaonekana wazi katika uwanja huu wa ikolojia.

PAST ni mfano mzuri. Iliandaliwa na Øyvind Hammer, David Harper na Paul Ryan, ikatangazwa mwaka 2001, kwanza kwa ajili ya wataalamu wa visukuku, kisha ikapendwa na wanaikolojia kwa sababu hufanya kazi kwa menyu na jedwali na haimlazimishi mtumiaji kuandika amri. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kupata jibu siku ileile anayoisakinisha. Hailipiwi, lakini msimbo wake chanzo hautolewi kwa umma pamoja nayo. R, kwa upande mwingine, ni huria kikamilifu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995 ikawekwa chini ya leseni ya umma ya GNU, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Ndani ya R kuna vifurushi, yaani mikusanyo ya amri inayoongezwa kwa kazi maalumu, na kifurushi kinachotumiwa sana na wanaikolojia wa jumuiya za viumbe kinaitwa vegan. Mwandishi wake mkuu ni Jari Oksanen wa Oulu, Finland. Jina hilo limetokana na maneno yenye maana ya uchambuzi wa uoto, wala halihusiani na chakula. Mfasiri anayetegemea mashine ajihadhari asije akapewa "kifurushi cha wasiokula nyama".

Je, kuna mtu anayesoma msimbo chanzo? Kisa cha DECORANA kinajibu. Programu hiyo ilitolewa na Mark Hill mwaka 1979 katika lugha ya FORTRAN, na kwa miaka mingi ikawa chombo cha kawaida cha kupanga viwanja vya uoto kwa kufuata mabadiliko ya spishi zake. Mwaka 1995 Robin Tausch na wenzake walionesha jambo la kutia wasiwasi: data zilezile, zikiingizwa kwa mpangilio tofauti wa safu, zilitoa matokeo tofauti. Ni kama mizani inayotoa uzito mwingine kwa sababu viazi vimewekwa kabla ya vitunguu. Miaka miwili baadaye, Oksanen na Peter Minchin walieleza chanzo chake. Kwanza, programu iliacha kukokotoa mapema mno, kabla jibu halijatulia. Pili, kulikuwa na kosa la uandishi wa msimbo katika hatua ya kurekebisha vipimo vya mihimili. Kasoro hizo ziliihusu pia CANOCO, programu ya kulipia iliyotumika sana wakati huo. Wachunguzi waliweza kulifuatilia kosa hilo mpaka mstari lilimojificha kwa sababu msimbo ulisomeka. Amri inayoitwa decorana ndani ya vegan leo imejengwa juu ya msimbo uleule wa Hill, ukiwa na marekebisho hayo. Tofauti kati ya "bure" na "huria" ni hiyo: ya kwanza humwokolea mtafiti fedha, ya pili humpa njia ya kujua kwamba jibu lake ni sahihi, au la.

Sasa tuje kwenye "anuwai". Neno hili, ambalo asili yake ya Kiarabu ni wingi wa neno lenye maana ya aina, limezaa "bioanuwai", na wengine huandika "bayoanuwai". Kosa linalojirudia ni kulitumia kwa maana ya idadi ya spishi. Dhana hizo ni mbili. Tuchukue mfano wa kubuni wenye viwanja viwili, kila kimoja kikiwa na miti 40 ya spishi nne: mninga, mpingo, mkongo na mkwaju. Katika kiwanja cha kwanza kila spishi ina miti 10. Katika cha pili kuna mininga 37, na spishi nyingine tatu zina mti mmoja mmoja. Idadi ya spishi ni nne kote. Lakini mtu anayetembea katika kiwanja cha pili ataona mninga tu, na huenda akatoka bila kuuona mkwaju wenyewe.

Fahirisi ya Shannon, iliyotokana na makala ya Claude Shannon ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano, hutoa 1.386 kwa kiwanja cha kwanza na takriban 0.349 kwa cha pili. Namba hizo hazisemi mengi kwa msomaji wa kawaida. Zikigeuzwa kwa kipeo cha kizio e, kama alivyopendekeza Mark Hill yuleyule mwaka 1973, zinakuwa 4 na takriban 1.42: yaani kiwanja cha kwanza kina anuwai ya spishi nne zenye uzito sawa, na cha pili kina anuwai isiyofika spishi moja na nusu. Hapo hata diwani wa kata ataelewa. Fahirisi ya Edward Simpson ya mwaka 1949 huuliza swali lililo karibu zaidi na maisha: miti miwili ikichaguliwa kwa nasibu, kuna uwezekano gani kwamba itakuwa ya spishi tofauti? Kwa njia ya ukokotoaji ambayo vegan huitumia, jibu ni 0.75 katika kiwanja cha kwanza na takriban 0.14 katika cha pili.

Kwa hiyo inafaa kuandika "idadi ya spishi" pale inapohesabiwa idadi, na "anuwai ya spishi" pale mgawanyo wa viumbe kati ya spishi unapotiwa maanani. "Utajiri wa spishi", linaloonekana katika baadhi ya tafsiri, linaeleweka kwa shida na halina linachoongeza. Aidha, fahirisi ya Shannon itajwe pamoja na kizio cha logi. Vegan hutumia logi asilia mtumiaji asipoelekeza vinginevyo. Mtafiti mwingine akitumia kizio cha 2, kiwanja chetu cha kwanza kitapata 2 kamili badala ya 1.386, na mtu anayelinganisha ripoti mbili atadhani msitu mmoja una hali bora kuliko mwingine ilhali ni uleule.

Hatua inayofuata ni kulinganisha viwanja, na neno linalotumika ni "umbali", ingawa hakuna mita zinazopimwa. Ni umbali wa kutofanana. Tukirudi kwenye viwanja vyetu viwili: kipimo cha Jaccard, ambacho huangalia tu kama spishi ipo au haipo, hutoa umbali wa sifuri, kwa sababu orodha za spishi ni sawa. Kipimo cha Bray na Curtis, kilichotoka katika utafiti wao wa misitu ya Wisconsin uliochapishwa mwaka 1957, huangalia idadi na kutoa 0.675. Yote mawili ni majibu sahihi kwa maswali tofauti. Hapa pana shimo ambalo wengi wametumbukia: katika vegan, amri ya vegdist ikiombwa kipimo cha Jaccard bila maelezo zaidi hukokotoa namna yake inayotumia idadi, na kwa viwanja vyetu itatoa takriban 0.806. Ili kupata sifuri, mtumiaji lazima aeleze kwamba anataka kuwapo na kutokuwapo tu. Mfasiri wa ripoti kama hiyo asiridhike na jina "kipimo cha Jaccard". Auone msimbo, au amuulize mwandishi.

Kutokana na jedwali la umbali, programu huchora ramani ambamo viwanja vinavyofanana hukaribiana. Kazi hii yafaa kuitwa "upangaji wa viwanja", ikitofautishwa na "uainishaji", ambao huvigawa viwanja katika makundi yenye mipaka. Katika njia ya Joseph Kruskal ya mwaka 1964, ambayo vegan huitekeleza kwa amri ya metaMDS, mamia ya spishi hubanwa katika karatasi yenye pande mbili, na bila shaka kuna kinachopotoka. Kiasi cha upotoshaji hupimwa kwa namba ambayo jina lake la Kiingereza ni lilelile linalotumiwa na madaktari. Ndiyo maana husomwa katika baadhi ya tafsiri kwamba matokeo yalikuwa na "msongo wa 0.15". Msitu hauna msongo. "Kiwango cha upotoshaji" kinaeleza jambo lenyewe, na msomaji anaelewa papo hapo kwa nini watafiti hukitaka kiwe kidogo, kwa desturi chini ya 0.2.

Neno la mwisho linalostahili kuangaliwa ni "muhimu". Ripoti husema kwamba tofauti kati ya msitu uliohifadhiwa na uliokatwa ni "muhimu kitakwimu", na msomaji, awe ofisa wa misitu au mwanakijiji, hulisikia neno "muhimu" kwa maana yake ya kila siku: kubwa, la kushughulikiwa. Kipimo chenyewe hakisemi hivyo. Katika amri ya adonis2, kwa mfano, kompyuta huchanga lebo za viwanja kama karata, mara 999 kwa kawaida, na kila mara hukokotoa tofauti upya. Tofauti halisi ikizidi zote zilizopatikana kwa kuchanga huko, thamani ya p inakuwa 0.001, yaani moja kati ya elfu, wala haiwezi kuwa ndogo zaidi kwa idadi hiyo ya michango. Kilichothibitishwa ni kwamba ni vigumu kupata tofauti kama hiyo kwa nasibu tu. Inaweza kuwa tofauti ndogo isiyomhusu mtu yeyote, ikaonekana kwa sababu viwanja vilikuwa vingi. Inaweza pia kutokana na msitu mmoja kuwa na viwanja vinavyotofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe, jambo linalopimwa kwa amri nyingine, betadisper. "Tofauti isiyoelezeka kwa nasibu" ni ndefu kuliko "tofauti muhimu", lakini haimwahidi msomaji kitu ambacho takwimu hazikusema.

Majina ya programu na amri hubaki yalivyo, pamoja na herufi zake: R kwa herufi kubwa, vegan kwa herufi ndogo hata inapofuata nukta, jambo linaloweza kuepukwa kwa kuanza sentensi na "Kifurushi cha vegan". Upatanisho hufuata nomino ya Kiswahili inayotangulia: "programu ya R imetoa", "kifurushi cha vegan kimetoa", "amri ya metaMDS imetoa". Namba ya toleo nayo itajwe, kwa kuwa amri hubadilika. Adonis ya zamani, iliyozoeleka katika tasnifu nyingi, nafasi yake imechukuliwa na adonis2, na mwanafunzi anayenakili msimbo kutoka katika tasnifu ya miaka kumi iliyopita atapata ujumbe wa kosa asioutarajia.